Jua Langu, Mtama wa Mama

Watu wa Juba na Bari, mtaa wetu mjini Juba, waliponiuliza nilisomea nini Kampala, niliwajibu kwamba nilisomea jua. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Jirani yetu mmoja, mama aliyekaanga samaki karibu na mto, aliniambia kwamba jua lipo tele hapa Juba, na kama ningebaki nyumbani ningelisoma bure. Baadaye niliona heri kusema nilisomea fizikia. Neno hilo halikumchekesha mtu, lilimnyamazisha tu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini jibu la kwanza ndilo la kweli. Tena sikusomea jua lote, maana katika masomo ya juu hakuna anayepewa kitu kizima. Unapewa ukucha wa kitu, unaambiwa uutazame mpaka macho yakutoke. Ukucha wangu ulikuwa taji la jua, mwanga mweupe, laini sana, unaolizunguka jua pande zote. Upo kila siku kuanzia asubuhi hadi jioni, ila jua lenyewe ni kali mno na linauficha. Mwezi ukipita mbele ya jua na kulifunika lote, taji hilo huonekana kwa dakika chache, kisha basi. Nimetumia ujana wangu kupenda mwanga ambao sijauona hata mara moja. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu nimewajua watu waliopoteza ujana wao kwa mambo mabaya zaidi.

Tulikimbilia Uganda wakati wa vita, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Baba alifia huko na tukamzika huko. Mama alilima mashamba ya watu, kanisa likanisaidia karo, nami nikapanda darasa baada ya darasa mpaka chuo kikuu. Katika darasa la fizikia nilikuwa msichana peke yangu. Wavulana walinisumbua mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakaanza kuniazima daftari, mwaka wa tatu wakaniacha. Nilipomaliza shahada ya kwanza, mwalimu wangu aliniita ofisini kwake akaniambia nibaki nifanye utafiti. Alikuwa Mhindi mfupi, mzaliwa wa Kampala, mwenye tabia ya kutembea huku na huku akitafuna bizari tamu, na kila alipokasirika alifuta ubao safi na kuanza upya hata kama kilichoandikwa kilikuwa sahihi.

Utafiti ni kitu kingine kabisa na kusoma. Ukisoma, unajua kwamba mahali fulani duniani kuna mtu mwenye jibu, na kazi yako ni kumfikia. Siku moja nilimuuliza mwalimu wangu kwa nini taji la jua lina joto kuliko uso wa jua lenyewe, maana ni sawa na kusema hewa iliyo juu ya jiko inaunguza kuliko makaa. Nilitegemea atanitajia kitabu. Aliacha kutafuna, akanitazama, akasema kwamba yeye hajui, na kwamba pengine mimi ndiye nitakayemwambia. Nilitoka pale miguu haikanyagi chini. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile, na nimeolewa, nimezaa, na nimeitwa mheshimiwa katika mikutano.

Kazi yenyewe nitaieleza kwa ufupi. Taji limejaa elektroni, chembe ndogo sana, na mwanga wa jua ukizigonga hutawanyika ukiwa unatetemeka zaidi upande mmoja. Ukiweka mbele ya kamera kioo maalumu cha kuchuja mwanga na kukizungusha, taji hung'aa au kufifia kulingana na ulivyokigeuza. Kwa kupima kung'aa huko na kufifia huko, unaweza kukadiria elektroni zilivyosongamana, pale juu, mahali ambapo hakuna mtu atakayefika. Nilifanya hesabu hizo kwa picha za zamani zilizopigwa na watu wengine, kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono iliyopiga kelele kama kinu. Vidole vyangu vilinuka dawa ya kusafishia picha hata nilipokula. Nilikuwa na furaha ambayo sikuijua jina lake wakati ule. Sasa nalijua, kwa sababu nimeitamani miaka mingi.

Kisha ikaja amri ya kuwafukuza Wahindi. Mwalimu wangu, ambaye hakujua nchi nyingine, alipata nafasi katika chuo kimoja Uingereza. Siku ya kuagana alinipa sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na kamera, lenzi ndefu, vile vioo vya kuchuja mwanga na filamu, vyote mali yake mwenyewe. Alitandaza ramani mezani. Mwaka unaofuata jua lingepatwa, na kivuli cha mwezi kingekatiza Afrika kama mkanda, kipite juu ya Juba, kisha kishuke mpaka lile ziwa la kaskazini ya Kenya. Wenzake wangepiga kambi kando ya ziwa. Juba hakukuwa na mtu. Kama ningepiga picha Juba, na wao wakapiga za kwao dakika chache baadaye, ingewezekana kulinganisha na kuona kama taji hubadilika kwa muda mfupi hivyo, jambo ambalo lilikuwa bado linabishaniwa.

Hakunizungusha. Aliniambia kwamba chuo chake kipya kilikuwa tayari kunichukua kwa shahada ya udaktari, nikifanye kipimo hicho kuwa utafiti wangu. Picha zikipatikana, nafasi ipo. Zisipopatikana, yeye ni mgeni kule na hana la kuwaambia wakubwa. Nilimwelewa vizuri sana.

Mkataba wa amani ulikuwa umetiwa sahihi, na mama alikuwa amefunga mizigo kabla hata redio haijamaliza kusema. Wenzangu wengine wa uhamishoni waliwasihi wazazi wao wabaki. Mimi nilifuata bila ubishi, na mama akanisifu mbele ya watu kwamba nina utii. Sikumwambia kwamba hata kama angekuwa anakwenda kwingine, mimi ningekwenda Juba.

Tulijenga nyumba ya udongo Juba na Bari, kwenye kiwanja cha babu, na mimi nikapata kazi ya kufundisha hesabu katika shule ya wasichana. Mama alipata shamba Gudele. Wakati huo Gudele haikuwa mji kama leo. Ilikuwa majani marefu, vichuguu na njia za miguu. Mama aliifyeka sehemu yake kwa mikono yake na kupanda mtama, mbegu alizotoka nazo Uganda zikiwa zimefungwa kwenye pembe ya kitambaa. Mbegu hizo zilitokana na zile alizokimbia nazo wakati wa vita, maana kila mwaka uhamishoni alipanda kidogo ili zisipotee. Alikuwa amengoja miaka yote hiyo azirudishe kwenye udongo wa kwao.

Mimi nilikuwa na maandalizi yangu. Kila nikitoka shuleni nilifungua sanduku uani, nikaelekeza lenzi pale jua lingekuwa, na kufanya mazoezi. Kufungua, kuhesabu, kufunga, kugeuza kioo, kusogeza filamu, kufungua tena. Dakika za giza zingekuwa chache mno, kwa hiyo mikono ilipaswa kujua kazi bila kuuliza kichwa. Jirani wa samaki alikuja kunitazama akiwa amejifunga khanga kifuani, akauliza kama ile ni bunduki. Nilimwambia ni kamera. Akataka nimpige picha. Nikamwambia filamu zimehesabiwa, akaondoka amenuna.

Mvua za mwanzo zilinyesha vizuri, mtama ukaota. Halafu mvua ikakata. Siku zikawa jua tupu, mbingu imefagiliwa safi, bluu kutoka ukingo hadi ukingo. Watu waliinua macho wakatikisa vichwa. Mimi nami niliinua macho, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nilikuwa nimeiogopa miezi ile, maana ni majira ya mawingu, na wingu moja tu lingetosha kuniharibia kila kitu. Kila asubuhi nilitoka nje kabla ya kunawa uso, nikaiona mbingu ile tupu, nikashukuru.

Jumapili moja kanisa zima liliombea mvua. Pasta alisema kila sentensi kwa Kibari, kisha kwa Kiarabu cha Juba, na baada ya kila sentensi watu walijibu amina kwa sauti iliyotikisa mabati. Mimi nilisimama katikati yao nimefunga mdomo. Sikupanga kufanya hivyo. Sentensi iliyofuata ilipokwisha, nikajifanya nakohoa.

 Nyumbani mama alivua viatu vyake vya kanisani, akavifuta, akaviweka mahali pake. Kwetu tulichanganya Kibari, Kiswahili cha Uganda na Kiarabu cha Juba kwenye sufuria moja, na mama alipotaka kuongea jambo zito alichota Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha aliyotumia kupambana na maafisa wa kambi.

"Wewe kwa kanisa hapana sema amina," alisema. "Mimi naliona. Sababu gani?"

Nilimweleza. Nilimwambia habari ya mwezi, kivuli na picha, na kwamba mwalimu wangu ananingoja Uingereza kwa masharti hayo. Nilimwambia wingu likikaa mbele ya jua siku ile, sitakwenda. Aliuliza siku yenyewe ni lini, nikamwambia bado wiki kadhaa. Aliuliza kama jua hilo ndilo nililolisomea miaka yote. Nikasema ndilo. Akaingia jikoni kusonga asida, ugali wetu, na mimi nikadhani mambo yamekwisha.

Sasa lazima nimtaje mjomba wangu, kaka yake mama. Ukoo wa mama ni ukoo wa mvua. Katika ukoo huo kuna mawe laini yaliyorithiwa, yanayokaa ndani ya chungu cha maji, na mtu mmoja wa ukoo huyaosha na kuyapaka mafuta ya simsim watu wanapohitaji mvua. Wakubwa wote waliopaswa kuyarithi walikufa vitani, kwa hiyo mawe yalimwangukia mjomba, ambaye uhamishoni alikuwa fundi cherehani na alibatizwa kama sisi wote. Aliporudi alitaka kushona sare za shule na kuachwa kwa amani. Watu hawakumwacha. Mvua ilipokata, walianza kumletea kuku, kisha mbuzi, na macho waliyomtazama nayo hayakuwa ya mchezo.

Mama alikwenda kwa mjomba. Alimwomba kitu ambacho, katika ukoo ule, hakiombwi na mtu mwenye akili zake. Alimwomba aizuie mvua.

Mke wa mjomba alikuwa nyuma ya ukuta anapepeta unga. Baada ya siku chache mtaa mzima ulijua. Jirani wa samaki aliacha kunisalimia. Pale bombani wanawake walinipisha nichote maji kwanza, upesi, ili niondoke. Mwanzoni sikuelewa kulikoni. Nilielewa nilipoitwa na mjomba.

Nilimkuta kwenye cherehani, amezungukwa na vipande vya kitambaa cha kaki. Hakuinuka wala hakusimamisha mguu. Alishona pindo lote mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akanitazama.

"Mama yako nalikuja hapa kuomba mimi nifunge matara," alisema. Matara ndiyo mvua kwa Kiarabu chetu. "Nifunge mpaka siku ya jua yako ipite. Wewe nalimtuma?"

Nilimwapia kwamba sikumtuma. Nilimwambia mimi nahitaji dakika chache tu, tano hivi, mbingu iwe wazi kwa dakika hizo, kabla ya hapo na baada ya hapo inyeshe hata ya gharika. Mjomba aliangua kicheko kisichokuwa na furaha. Akasema dada yake alikuwa amepiga magoti pale chini na kuomba wiki zote, na mtama wake mwenyewe uko Gudele unakauka.

Hapo ndipo nilipoona mama alikuwa amefanya nini. Nilikuwa nimemweleza wingu kwa lugha ya hesabu, na yeye akalielewa kwa lugha ya shamba. Mkulima akizungumza habari ya mvua huzungumza majira, hazungumzi dakika. Alifikiri nahitaji mwezi mzima wa ukame, na bado alikwenda kuniombea.

Mjomba alisema wazee wa mtaa wameamua. Kila anayejulikana kuwa na neno juu ya mvua lazima aje kwenye chungu, atie mkono majini na kusema kwa kinywa chake mwenyewe kwamba inyeshe. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Moyo mmoja ukikataa, maji hayaendi popote. Nilikasirika. Nilimuuliza kama yeye, mtu aliyebatizwa, fundi aliyekaa mjini, anayaamini mambo haya.

"Mimi ni fundi ya nguo," alinijibu. "Lakini babu yangu walimuua mwaka ya njaa, sababu matara hapana kuja. Hiyo si kuamini, biniya. Hiyo najua."

Niliondoka. Njia nzima nilijiambia kwamba maneno hayasukumi mawingu. Mvuke hupanda, hupoa, hugeuka matone, na hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayongoja mtu atie mkono kwenye chungu. Nikisema inyeshe au nisiseme, mbingu itafanya itakalofanya. Hivyo basi kusema hakunigharimu kitu. Nilikuwa na hakika kabisa juu ya hilo, na hata hivyo nilipojaribu kulisema peke yangu njiani, niliishia katikati ya neno. Nilijidharau. Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari mtarajiwa, na nilikuwa naogopa chungu cha maji.

Siku iliyotangulia ile ya kutia mkono kwenye chungu, nilifuatana na mama Gudele. Sikuwa nimefika huko tangu mtama uote. Majani yalikuwa yamejikunja kama tumbaku, na ukiyagusa yalilia kama karatasi. Mama alikuwa amebeba mtungi kichwani tangu mjini. Alipita mstari mmoja tu, wa mwisho, karibu na kichuguu, akimwagia kila shina kiganja kimoja cha maji. Nilimuuliza mbona huo tu. Akasema huo ni wa mbegu, mingine ikifa basi, lakini huo usipozaa hatakuwa na cha kupanda tena. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, anavyosema mtu anayetaja bei ya chumvi. Hakunilaumu hata kwa jicho. Aliinama na kumwagia, akaenda mbele, akainama.

Nilisimama pale na viatu vyangu vya mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi Juba nilitaka mvua inyeshe. Niliitaka kama mtu mwenye kiu. Nilitaka pia jua langu. Vyote viwili vilinivuta kwa nguvu sawa mpaka nikachuchumaa pale chini, mama akadhani ni joto akanipa maji yaliyobaki.

Kesho yake tulikwenda. Watu walijaa ua wa mjomba, wengine tunaokaa nao benchi moja kanisani. Mjomba alikuwa amevaa shati lake safi na uso wa mtu aliye msibani. Aliyaosha mawe, akayapaka mafuta, akayarudisha majini. Mama aliitwa kwanza. Alitia mkono, akasema inyeshe. Kisha mimi. Maji yalikuwa ya baridi, na chini yake niligusa jiwe, laini kama sabuni iliyotumika. Nilimfikiria mwalimu wangu akitembea huku na huku mbele ya ubao mgeni katika nchi ngeni. Kisha nikafikiria mstari ule wa mwisho karibu na kichuguu. Nikasema inyeshe. Nilisema kwa moyo wote.

Haikunyesha siku ile wala siku zilizofuata. Watu walianza kunong'ona upya. Mimi nilirudia mazoezi yangu, na kwa sababu nilikuwa nimetimiza nililotakiwa, nilijiruhusu kutumaini.

Siku ya kupatwa kwa jua ilianza bila wingu. Shule ilifungwa. Niliweka kamera uani tangu asubuhi, nikaifunika kwa shuka, nikaketi kando yake kama mtu anayelinda mgonjwa. Mchana majirani walikuja wakiwa na vipande vya vioo walivyovipaka masizi nilivyowafundisha. Hata jirani wa samaki alikuja, akasimama mbali. Mwezi ulipoanza kulimega jua, nilikuwa wa kwanza kuuona, kovu dogo jeusi pembeni. Nilicheka peke yangu. Hesabu zilikuwa sahihi. Chini ya mwarobaini vimwanga vyote vilivyopenya kwenye majani vikawa vimepinda kama mundu, na watoto wakavikimbiza kwa miguu. Mwanga wa dunia ukabadilika, ukawa mwembamba, rangi ya ukuta wa udongo ikawa kijivu. Jua lilibaki kama kipande cha ukucha. Niliondoa shuka, nikaweka kidole tayari.

Wingu lilitoka upande wa mto. Sikuliona likija, kwa sababu nilikuwa natazama juu. Kwanza upepo wenye harufu ya vumbi lililolowa, halafu mbele ya lenzi pakawa peupe kama maziwa, halafu hapakuwa na kitu. Muda mfupi baadaye giza likashuka. Lilikuja lote kwa mara moja, jogoo wakawika, popo wakatoka kwenye paa la kanisa. Juu yetu, nyuma ya wingu lile, taji la jua lilikuwa limefunguka lote. Nilijua liko wapi. Ningeweza kulinyooshea kidole.

Mikono yangu ilifanya kazi. Kufungua, kuhesabu, kufunga, kugeuza kioo, kusogeza filamu. Nilipiga picha zote, za wingu, gizani, kwa utaratibu uleule wa mazoezi, kwa sababu sikujua kufanya kingine. Tone la kwanza lilinipiga mkononi. Mama alitoka ndani mbio akavua kitenge chake akaifunika kamera, akabaki na gauni la ndani mbele ya watu wote, amekumbatia lenzi ya mwalimu wangu. Mwanga uliporudi mvua ilikuwa inamwagika. Mtaa mzima ulikuwa nje unapiga vigelegele, na jirani wa samaki alikuja akanishika mikono yote miwili. Nililia kwa sauti, na hakuna aliyenishangaa, maana watu wengi walikuwa wanalia.

Kule ziwani mbingu ilikuwa safi na wenzake mwalimu walipata picha nzuri. Nafasi yangu ya Uingereza ilipotea pamoja na picha zangu. Mwalimu alijitahidi, nami najua alijitahidi, lakini ilikuwa kama alivyoniambia mapema. Niliendelea kufundisha, na chuo kilipofunguliwa Juba miaka ile ya mwisho ya sabini nikafundisha huko wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nimewafundisha wengi, wengine wakafika mbali kuliko nilikotaka kufika. Najivunia. Lakini nikisema kwamba nilitosheka nitakuwa nadanganya. Hata sasa mchana mweupe nikitembea barabarani Buluk, mtaa mwingine wa Juba, na jua liko juu ya kichwa changu, nafahamu kwamba lile taji lipo pale pale, limezunguka pande zote, na mimi na lenyewe hatujaonana. Mtu anayempenda mtu aliye mbali anaweza kupanda basi. Mimi sina basi la kupanda.

Mtama wa mama uliinuka. Mvua ilinyesha karibu kila siku baada ya hapo, na kufikia mavuno masuke yaliinama kwa uzito. Kwetu mtama mpya huonjwa kwanza na mkubwa wa nyumba, ndipo wengine waruhusiwe. Baba akiwa hayupo, mkubwa alikuwa mama. Siku aliyosaga wa kwanza alisonga asida, akapakua, akaketi mkekani mbele yangu. Nilingoja aonje. Hakuonja. Aliisukuma sahani upande wangu.

Nilimwambia hiyo si desturi. Alikuwa anatazama mikono yake, yenye unga mpaka kwenye viwiko.

"Siku ile kwa chungu," alisema, "mimi nalisema kwa mdomo tu. Kwa roho nalikuwa naomba Mungu isinyeshe, mpaka mtoto yangu apate jua yake. Mungu nalikataa. Sasa wewe kula kwanza."

Sikuweza kumwambia kwamba mimi nilisema kwa moyo. Nilikata tonge, nikalichovya kwenye mboga, nikala, na mama akakaa kunitazama mpaka sahani ikaisha.